Mpime senta kwa mruko wa pili

Kawempe, kitongoji cha Kampala, wana haki ya kujivuna, na wanajivuna kweli. Tangu usiku wa tarehe 25 Juni 2025, senta Khaman Maluach, yaani mrefu wa kusimama chini ya ringi, alipotajwa wa 10 kwenye drafti ya NBA kule Brooklyn, pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, mashabiki wa kikapu hapa Kampala wamegawanyika. Wapo wanaosema kijana kaonewa: mwenye kimo kile na mikono ile alistahili kuwa miongoni mwa watano wa kwanza. Wengine wanacheka tu. Wanasema Wamarekani wamenunua urefu kama kawaida yao, na jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania mrefu ambaye hakudumu NBA, halikawii kutajwa.

Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe. Kikapu alikianza mwaka 2019 akiwa anakaribia miaka 13, na amesimulia mwenyewe kwamba mazoezi ya mwanzo aliyafanya akiwa amevaa Crocs kwa kukosa viatu vya kumtosha. Miaka sita baadaye akawa milionea. Hadithi ni tamu, ila utamu wake ndio unaotupofusha. Tukitaka kujua kama tathmini ilikuwa ya haki, inatubidi turudi kwenye faili lake kama lilivyokuwa kabla ya usiku ule. Msimu wake wa kwanza kwenye ligi nauacha nje kwa makusudi, kwa sababu senta aliyechaguliwa akiwa na miaka 18 hahukumiwi kwa msimu mmoja.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyotajwa kwanza kila mahali. Kwenye kambi ya vipimo ya Chicago alikuwa na sentimita 215 bila viatu, na uzito wa kilo 115 hivi. Akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 230. Akisimama tu na kuinua mkono mmoja, vidole vinakaribia sentimita 290, wakati ringi iko sentimita 305. Maana yake, ili aiguse ringi anahitaji kuruka kimo cha kiganja. Watu wa namna hiyo ni wachache duniani, na hakuna kocha anayeweza kumfundisha mtu kuwa hivyo. Hapo wanaomtetea wako sahihi kabisa.

Lakini kumchagua senta kwa vipimo hivyo peke yake ni kununua ng'ombe wa Ankole kwa kutazama pembe. Thabeet alikuwa mrefu kumzidi, sentimita 221. Wala hakuwa mrefu tu. Msimu wake wa mwisho pale chuo cha Connecticut, 2008/09, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa ringi akaidaka) 10.8 na bloku (mitupo aliyoizuia) 4.2 kwa mchezo, na alikuwa amechaguliwa mlinzi bora wa ukanda wao mara mbili. Hizo ni takwimu ambazo Maluach hakuzikaribia katika msimu wake mmoja wa chuo cha Duke. Memphis Grizzlies wakamchukua wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wa kwanza akapata pointi 3.1, na kufikia Februari 2010 alishapelekwa ligi ya maendeleo, ile iliyo chini ya NBA, akiwa mtu wa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko hadi siku hiyo. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2013/14.

Wanaolitumia jina lake kama kejeli husahau mambo mawili. La kwanza, Memphis tayari walikuwa na senta mwingine, Marc Gasol, kwa hiyo dakika zenyewe zilikuwa za kuokoteza. La pili ndilo zito zaidi: dalili zilikuwepo mapema kwa aliyetaka kuziona. Februari 2009, DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh, mtu wa mita mbili tu, alimsukuma Thabeet chini ya kikapu mpaka akamwangusha juu ya bega lake. Takwimu za Thabeet zilikuwa kubwa kwa sababu wapinzani wengi wa chuo hawakuwa na nguvu za kumhamisha mahali aliposimama. Alipokutana na mwenye nguvu hizo, urefu ukakosa msingi wa kusimamia. Blair mwenyewe alichukuliwa wa 37, kwa hiyo nguvu peke yake nayo haikuuzika.

Kwa Maluach, hoja ya kumpandisha juu ina sehemu tatu ambazo mimi nazikubali. Ya kwanza ni mitupo huru. Alifunga asilimia 76.6, na kwa senta aliyeujua mpira kwa miaka sita hiyo ni habari kubwa kuliko danki zake zote za kuusukumiza mpira ringini, kwa sababu inaonyesha kiganja laini. Mkono wa namna hiyo huwa umekuja na mtu, na mwenye nao anaweza kufundishwa kutupa kutoka mbali. Pale Duke mitupo ya pointi tatu ilikuwa michache mno kumhukumu nayo kwa upande wowote.

Ya pili ni watu aliocheza nao. Kabla ya kufika Marekani alishapita akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, na mashindano ya klabu za Afrika ya BAL akiwa na timu tatu tofauti: Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal mwaka 2023, na City Oilers wetu mwaka 2024. Akiwa na miaka 16 alikuwa na Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia, na akiwa na 17 kwenye Olimpiki ya Paris. Hebu mlinganishe na Thon Maker, ambaye naye alizaliwa Sudan Kusini, akapita Uganda akiwa mtoto mkimbizi kabla ya kwenda Australia, na naye akachukuliwa wa 10, mwaka 2016, na Milwaukee Bucks. Maker aliingia drafti akitoka shule ya Canada bila kucheza chuo kikuu hata mchezo mmoja. Maskauti, wale wasaka vipaji wa klabu, walikuwa wanapima video za vijana waliocheza dhidi ya vijana. Maluach alishapigwa viwiko na wanaume wenye familia.

Ya tatu ni kwamba hadai mpira. Senta anayetaka kulishwa mpira akiwa amekipa kikapu mgongo ndipo afunge anapungukiwa soko kila mwaka. Maluach anamkinga gadi wake, yule mchezaji mwepesi mwenye kuongoza mpira, anakimbilia ringi, anapokea pasi ya juu, anachoma danki. Aliingiza asilimia 71.2 ya mitupo yake.

Hapo wakosoaji wananyoosha mkono, na wana haki. Asilimia 71 ya nani? Watano wote walioanza Duke msimu ule walichaguliwa kwenye drafti ileile, Cooper Flagg akiwa wa 1 na Kon Knueppel wa 4. Ukizungukwa na watu hao, walinzi wanakusahau. Pasi zake za kufungisha zilikuwa nusu kwa mchezo, maana yake ilihitaji michezo miwili apate moja. Alicheza dakika 21 tu kwa mchezo, akilindwa asichoke na asiingie kwenye matatizo ya faulo. Linganisha na Derik Queen wa Maryland, senta mfupi zaidi aliyebebeshwa mashambulizi ya timu nzima, pointi 16.5 na ribaundi 9 kwa mchezo. Queen alichukuliwa wa 13. Ligi ilichagua urefu na ulinzi mbele ya ufundi, kwa tofauti ya hatua tatu tu.

Kisha kuna usiku wa tarehe 5 Aprili 2025. Nusu fainali ya vyuo, San Antonio, Duke dhidi ya Houston. Maluach alicheza dakika 21 na hakupata ribaundi hata moja. Sifuri. Mtu anayefika sentimita 290 akiwa amesimama! Duke walipoteza 70 kwa 67, mchezo ambao walikuwa wameushika mkononi. Wachezaji wa Houston wa pale chini ya ringi, J'Wan Roberts na Joseph Tugler, wana mita mbili na kidogo tu.

Mchezo mmoja haufuti michezo 39, nalijua hilo. Ribaundi 6.6 kwa dakika 21, ukizikokotoa hadi dakika 36, zinakuwa 11, na 11 si haba. Hata hivyo usiku ule ndio unaonifundisha zaidi juu yake kuliko michezo yote ambayo Duke walishinda kwa pengo kubwa. Ulionyesha wapi hasa pana upungufu, na upungufu huo una sura yake.

Fikiria kazi ya senta kwenye ulinzi. Gadi mpinzani anakingwa na mwenzake, anakata kuja kwenye ringi. Senta wako anabaki na watu wawili kwa mkupuo: mwenye mpira anayekuja kwa kasi, na senta mpinzani anayeteleza nyuma yake. Anatoka hatua mbili, anamwinulia mkono mwenye mpira, mtupo unakosa. Uwanja mzima unapiga makofi. Huo ni mruko wa kwanza, na Maluach anao wa kutisha. Lakini mpira bado uko hewani. Ametua, miguu imepishana, na yule mpinzani aliyemwacha nyuma ameshamwekea makalio na kuishika nafasi. Sasa inatakiwa atue kwa usawa, ajue mtu wake yuko wapi bila kugeuza kichwa, amguse kwa nyonga, kisha aruke tena kabla mwenzake hajaruka. Huo ndio mruko wa pili. Houston ni timu iliyojengwa kukuadhibu ukiukosa, na ilimwadhibu.

Kwa hiyo swali la skauti ningeliuliza hivi: upungufu huu unatibika au hautibiki? Yapo mambo ambayo senta huja nayo au hukosa kabisa, kama mikono inayodaka mpira wa kasi, wepesi wa nyonga, na jicho la kuona mwenzako aliye wazi. Mengine ni ya kurudiarudia mpaka mwili ukumbuke: kumfungia mtu nje, kutua, kukadiria pembe ya mpira uliokosa. Mikono Maluach anayo, pasi za juu alizozidaka zinatosha kuwa ushahidi. Kiganja anacho. Mruko wa pili ni wa kurudiarudia, na mtu aliyeanza mwaka 2019 hakuwa amerudia vya kutosha, hata kama cheti cha kuzaliwa kilisema 18. Kinachonitia wasiwasi ni jicho la pasi. Mabeki wa NBA watamkimbilia wawili anapopokea mpira katikati, na kama haoni aliye wazi kona, faida yote ya urefu inaishia hapo. Nusu pasi kwa mchezo inaweza kuwa matokeo ya kazi aliyopewa. Inaweza pia kuwa ukweli wake.

Lipo na suala la bei, ambalo vijiweni halizungumzwi kabisa. Nikola Jokić alichukuliwa wa 41. Rudy Gobert, ambaye vipimo vyake vinafanana na vya Maluach, wa 27. Isaiah Hartenstein, aliyechukua ubingwa na Oklahoma City siku tatu tu kabla ya drafti hiyo ya 2025, wa 43. Masenta wazuri wamekuwa wakiokotwa chini sana, hivyo klabu inayotumia nafasi ya 4 kwa senta asiyekomaa inalipa bei ya gadi wa nyota. Tena mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza una miaka miwili ya uhakika na miwili ambayo klabu inaamua yenyewe kuendelea au kuacha. Senta anayekomaa akiwa na miaka 24 anaweza kuvunwa na klabu nyingine, baada ya ile ya kwanza kumaliza kulipa karo. Ndiyo maana siungani na wanaosema kaonewa. Nafasi ya 10 ilikuwa haki yake, labda ya 8. Ukimweka kwenye tano bora unalipia mruko wa pili ambao bado haujafika.

Wala siungani na wanaocheka. Wanaomfananisha na Thabeet wanalinganisha vimo. Thabeet alikuwa na takwimu kubwa na mwili uliosukumika. Maluach alitoka na takwimu za wastani na kilo 115 akiwa na miaka 18.

Kwa hapa kwetu, somo la ufundishaji liko palepale kwenye mruko wa pili. Vijana warefu tunao, wa Sudan Kusini na wa kwetu, na makocha wengi huwaweka chini ya ringi na kuwaambia wainue mikono. Inashinda michezo ya shule. Mtoto anafika miaka 17 bila kuwahi kufungia mtu nje, maana hajawahi kuhitaji. Ningependa kuona kocha akimweka mrefu wake nje ya eneo, akabane gadi mwepesi mpaka ajue kusogeza miguu, hata kama Jumamosi atafungwa. Tukumbuke pia kwamba mtu wa Silverbacks, timu yetu ya taifa, aliyecheza NBA, Ishmail Wainwright, mzaliwa wa Marekani, hana hata mita mbili na hakuna klabu iliyomchagua kwenye drafti. Aliingia kwa kujua mahali pa kusimama. Kwa bahati, klabu yenyewe ilikuwa Phoenix Suns, ileile iliyompata Maluach kupitia biashara ya kumtoa nyota wao Kevin Durant.

Usiku uleule wa drafti Phoenix walikubaliana pia na Charlotte kumchukua Mark Williams, senta mwingine aliyepita Duke, ambaye miezi minne kabla Lakers walimrudisha alikotoka baada ya vipimo vya afya kutowaridhisha. Kwa hiyo dakika za Maluach zilianza zikitegemea mwili wa mtu mwingine. Thabeet naye alianzia nyuma ya mtu, ila yeye alikaa benchi akiwa amebeba namba 2 ya drafti, na kila mtu Memphis alitaka kuambiwa ni kwa nini. Namba 10 ya drafti haiulizwi hivyo. Hupewa muda, angalau miaka miwili ya uhakika, wa kujifunza kutua na kuruka tena.