Kadimi ya sigara haiondoki na moshi

Kila zinapotajwa metali zenye sumu zilizomo kwenye moshi wa sigara, hakosi mtu wa kuuliza: hizo mikrogramu mbili tatu ni kitu gani mbele ya lami, kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali nyingine? Swali lina haki yake. Sigara moja huwa na takriban mikrogramu 1 hadi 2 za kadimi, mojawapo ya metali hizo, na sehemu ndogo tu ya hizo ndiyo inayoingia kifuani. Tena, mwenye kadimi nyingi mwilini mara nyingi ndiye huyo huyo aliyevuta sana, kwa hiyo mapafu yake yakiharibika ni vigumu kujua kama yameharibiwa na metali au na moshi wote kwa jumla. Wengine wanahofia kwamba kelele hizi zitaishia kwenye sigara "isiyo na kadimi", itakayowahadaa watu kama zilivyowahadaa zile zilizoitwa nyepesi.

Hofu hiyo ya mwisho naiafiki kabisa. Kwa hayo mengine, nadhani tunaihukumu kadimi kwa uzito wake tu, bila kutazama inavyosafiri na inavyokaa.

Mtumbaku hunyonya kadimi udongoni, ikiwamo inayoletwa na mbolea za fosfeti, na kuilimbikiza kwenye majani, yaani pale pale panapovunwa. Mtu anapovuta, ncha ya sigara huwaka hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Kadimi huchemka kwenye nyuzi 767. Basi nikeli, metali nyingine ya tumbaku inayohitaji joto kali zaidi ili ichemke, nyingi yake hubaki kwenye jivu, lakini kadimi hugeuka mvuke, ikapoa na kugandamana na chembe za moshi zilizo ndogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa. Kadimi inayoliwa, utumbo hufyonza takriban asilimia 5 tu. Inayovutwa, mapafu yanaweza kufyonza hata nusu.

Ikishaingia, haina haraka ya kutoka. Nikotini huisha mwilini ndani ya siku chache. Kadimi iliyojikusanya kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu. Aliyeacha sigara akiwa na miaka 40 anaweza kutimiza 60 huku figo zake bado zikibeba sehemu kubwa ya sigara za ujana. Hizo mikrogramu mbili tatu, basi, si za leo peke yake. Zinajumlishwa na za juzi, za mwaka jana, za tangu sigara ya kwanza.

Na hoja kwamba kadimi ni alama tu ya uvutaji? Ingenitosha kama ushahidi wote ungetoka kwa wavutaji. Lakini mwaka 1988 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa kiwanda cha aloi ya shaba na kadimi, waliovuta mvuke wake kazini. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakuishika kazi hiyo, walikutwa na dalili za emfisema, ule ugonjwa wa kuta za vifuko vya hewa kuharibika. Panya waliovutishwa kadimi maabara nao mapafu yao yaliharibika.

Kuacha sigara bado ndiyo dawa ya kwanza, kwa kuwa kila sigara isiyowashwa ni kadimi isiyoongezwa. Ila mtu aliyeacha miaka 15 iliyopita akija analalamika kuishiwa pumzi kwenye ngazi, asiambiwe hayo ya zamani yamekwisha. Apimwe pumzi, na figo pia.