Kabla ya Chakula, Mpe Mgeni Ufunguo

Sisi tunaoishi ughaibuni tumekuja na ukarimu wa nyumbani karibu wote, na hilo ni jema. Ila nyumbani mgeni akifika anakuta watu: wa kumpokea mzigo, wa kumtengea maji ya kuoga, mtoto wa kutumwa, jirani wa kuongea naye mwenyeji akitoka. Hahitaji kujua chochote kinavyofanya kazi, maana saa zote yupo wa kumuuliza. Huku mwenyeji anaondoka alfajiri kwenda kazini, na mgeni anabaki peke yake katika nyumba yenye mlango unaojifunga, jiko lisilo na moto na bomba lisiloeleweka. Hata ukimwachia sufuria tatu za chakula, kama hawezi kukipasha wala kutoka nje na kurudi, umemfungia. Kwa maoni yangu, ukiwa huku, kumkirimu mgeni kunaanza na kumwezesha kujihudumia. Kupika kunafuata.

Basi ufunguo umpe siku anayofika, kabla hajafungua begi. Milango mingi ya huku hujifunga yenyewe ikirudishwa. Mgeni akitoka na ndala kutupa taka, mlango unapiga nyuma yake, na simu yake iko ndani inachajiwa. Mwache aufungue na kuufunga mwenyewe mara mbili mbele yako, maana baadhi ya vitasa hutaka mpini unyanyuliwe kwanza ndipo ufunguo uzunguke. Andika anwani na namba yako kwenye karatasi, aitie kwenye pochi. Laini ya simu ya nyumbani huenda isishike mtandao, na simu iliyoisha chaji haimwambii mtu anakaa wapi.

Bafuni ndiko kwenye aibu nyingi. Nyumbani sakafu ya bafu ina tundu. Maji yakimwagika yanajiendea. Huku bafu nyingi hazina tundu sakafuni, na maji yenye njia ya kutoka ni yale tu yaliyo ndani ya beseni la kuogea. Pazia likining'inia nje ya ukingo, maji huteremka nalo hadi sakafuni, hujipenyeza kwenye maungio ya vigae, na baada ya muda doa linatokea kwenye dari ya jirani wa chini. Usimweleze mgeni kwa maneno ukiwa sebuleni. Ingia naye bafuni, shika pazia, liingize ndani ya beseni, kisha lilowanishe kidogo ligande ukutani. Mama mkwe aonyeshwe na binti yake, si na mkwe wa kiume.

Mwonyeshe na kuchanganya maji: baridi kwanza, moto baadaye. Maji kwenye tangi la kupashia huwekwa karibu nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane humo, na kwa joto hilo ngozi huungua ndani ya sekunde chache. Tangi nalo lina mwisho. La lita 80, maji ya bombani yakiwa ya nyuzi 10, litakupa takriban dakika 15 za kuoga kwenye bomba la manyunyu linalotoa lita 9 kwa dakika. Kulipasha upya kwa hita ya kilowati 2 kunapita saa mbili. Ukiwa na wageni wanne, panga zamu, wengine jioni na wengine asubuhi. Usipopanga, wa mwisho ataoga maji ya barafu na kukwambia yalikuwa mazuri tu. Chooni kwa kawaida kuna karatasi tu. Weka kopo la maji bila kusubiri aombe, kwa sababu hataomba.

Jikoni ni jambo moja kubwa. Majiko ya kioo yanayotumia sumaku hupasha tu chombo ambacho sumaku inashika kitako chake. Mgeni akiweka sufuria ya alumini, jiko linalia na kujizima, naye anadhani ameliharibu, anakaa na njaa hadi urudi. Toa sufuria moja inayofaa, iache juu ya jiko. King'ora cha moshi nacho mwambie mapema kwamba hulia hata kwa mvuke wa kukaanga, ili kisimtie hofu.

Kitanda cha mgeni mara nyingi ni godoro la upepo, na hapa wengi tunakosea kwa nia njema: tunalijaza usiku anaofika, tunamrundikia mablanketi juu, na bado anaamka na baridi. Hewa iliyo ndani ya godoro hunyonya joto la mwili kutoka chini, kwa hiyo blanketi moja nene liwe chini ya shuka. Lijaze jana yake. Plastiki mpya hutanuka, na hewa hupungua ujazo chumba kikipoa, kwa hiyo godoro lililokuwa gumu saa mbili usiku huwa limelegea usiku wa manane. Liongeze upepo kabla hajalala. Taulo mbili kwa kila mtu, na soketi karibu na kichwa chake ikiwa na adapta tayari.

Wenyeji wa huku wanatushinda kwenye kuuliza mapema, na hilo tulichukue lote. Nyumbani tunaona haya kumuuliza mgeni anakula nini, tunapika vingi tukitumaini kimoja kitamfaa. Lakini uliza vizuri. Ukisema "unakula kila kitu?", mgeni mwenye adabu atajibu ndiyo. Sema "chakula gani hukili?", na usiishie hapo, uliza kama kuna dawa ya kuwekwa kwenye friji. Insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Isigusane na ukuta wa nyuma wa friji wala kukaa karibu na sehemu ya barafu. Mwenye kisukari umwambie pia saa za kula, kwa sababu chakula cha saa nne usiku, hata kiwe kizuri vipi, kinaweza kumkuta sukari imeshuka na ameanguka, kama ametumia dawa yake mapema.

Jambo moja nisingependa tulichukue: kumkabidhi mgeni ratiba na ramani kisha kumwacha na wiki yake. Mzazi hakusafiri kuja kuona majumba. Ukishindwa kupata likizo nzima, omba siku mbili za kwanza, maana ndizo anazohitaji mtu kando yake. Na ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hauwafai waliosafiri mbali. Mwili hurekebisha saa zake kwa kadiri ya siku moja kwa kila kanda ya saa, kwa hiyo aliyevuka kanda saba, siku ya tatu bado yuko macho saa tisa usiku. Mwachie taa ndogo, maji, kitu cha kutafuna, na ruhusa ya kuzunguka nyumbani usiku bila kuomba radhi asubuhi. Mchana mtoe nje apate mwanga, hata dakika thelathini, maana mwanga ndio unaoirudisha saa ya mwili mahali pake.

Mizigo ya kurudi ipimeni usiku wa kuamkia siku iliyo kabla ya safari, kwa mizani ya mkono, zawadi zote zikiwa ndani. Mkikuta kilo tatu zimezidi mna siku nzima ya kuchagua nini kibaki, badala ya mama kufungua begi lake kaunta ya uwanja wa ndege, nguo zake za ndani zikionwa na foleni nzima.