Siri ya ikulu ndiyo iliyomlea Rasputin

Wengi wakisimulia habari za Grigori Rasputin, mtu wa sala aliyeaminiwa na familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi, huanza na macho yake makali, ndevu zake na ulevi wake. Mimi nasema kisa hiki kianzie kitandani kwa mtoto mgonjwa, na kwa wazazi walioamua kwamba nchi isijue anaumwa nini.

Alexei, mrithi wa ufalme wa Urusi, alizaliwa 1904 baada ya dada wanne. Hata miezi miwili hajamaliza, kitovu kikaanza kuvuja damu. Ilikuwa hemofilia, ugonjwa wa kurithi: damu haigandi inavyopaswa. Mama yake, Alexandra, aliyajua maradhi hayo tangu kwao. Kaka yake Friedrich alianguka dirishani mwaka 1873, akiwa mtoto mdogo, akafa kwa kuvuja damu. Mjomba wake Leopold naye yakamwondoa 1884. Sasa yalikuwa yamemfikia mwanawe, na yamepitia kwake yeye mwenyewe. Sijui mama gani angelala usingizi.

Rasputin aliletwa mbele yao Novemba 1905. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Pokrovskoye, Siberia, mwenye mke na watoto. Mpaka leo wapo wanaomwita mtawa. Hakuwa mtawa wala padri. Alikuwa mtu wa sala na hija, tena aliyejua kumtuliza mwenye hofu.

Oktoba 1912, familia ikiwa Spala, Poland, Alexei alivuja damu ndani kwa ndani, karibu na nyonga. Alilia kwa maumivu siku nenda siku rudi, hata akapewa sakramenti za mwisho. Ikulu ilitangaza kuwa mrithi ni mgonjwa sana, lakini jina la ugonjwa halikutajwa. Ndipo ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Rasputin: mtoto hatakufa, na madaktari wasimsumbue mno. Akapona. Siamini kwamba ulikuwa muujiza. Naona shauri la kumwacha mgonjwa apumzike lilikuwa na maana yake, na damu nayo huweza kukoma yenyewe. Lakini simlaumu mama aliyeamini. Madaktari walikuwa wameshakata tamaa mbele yake.

Ninachowalaumu nacho ni ile siri. Waswahili tunasema mficha maradhi kilio humuumbua. Raia waliona mkulima mlevi akipokelewa na malkia, wasijue kwa nini. Barua ya Alexandra kwa Rasputin ilipovuja, nakala zikazagaa, na watu wakasoma mapenzi mahali palipokuwa na hofu ya mzazi. Naamini wangeambiwa ukweli, wengi wangemwonea huruma mwanamke yule. Badala yake uvumi ulijaza nafasi yote.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Urusi ikipigana na Ujerumani, mambo yakaharibika kabisa. Mwaka 1915 mfalme Nicholas II, baba yake Alexei, alikwenda kuongoza jeshi mwenyewe, akamwachia mkewe sehemu kubwa ya mambo ya nyumbani. Malkia, Mjerumani kwa kuzaliwa, akawa anamwandikia mumewe nani ateuliwe na nani aondolewe, akinukuu ushauri wa "Rafiki yetu", yaani Rasputin. Kuanzia hapo hadi ufalme kuanguka, Urusi ilipitia mawaziri wakuu 4. Si kila uteuzi ulikuwa wa Rasputin, ila nani angeamini? Hapo nakataa kumtetea Alexandra. Kumwombea mtoto ni jambo moja, kumpa mwombaji sauti katika serikali ni jingine.

Desemba 1916 kabaila Felix Yusupov na wenzake walimuua Rasputin huko Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, wakidhani wanauokoa ufalme. Haikupita hata miezi mitatu, ufalme ukaanguka. Tarehe 15 Machi 1917 Nicholas alikuwa tayari kumwachia Alexei kiti. Kwanza akamwita daktari Fyodorov, akamuuliza kama mtoto anaweza kupona. Daktari akamjibu kwamba ugonjwa ule hauna tiba. Nicholas akajiuzulu kwa niaba yake na ya mwanawe, na jina la mrithi likaandikwa la ndugu yake, Mikhail.