Sikusahau nenosiri, jamani

Najua mshasikia ya mshikaji wangu, kwamba nimesahau nenosiri la programu niliyoiandika mwenyewe. Uongo. Nililikumbuka vizuri mno, na hapo ndipo nilipoumbuka.

Ni juzi, Kibirizi kule Kigoma, kwenye banda la mzee mmoja wa dagaa wa jumla. Nimemwandikia programu ya mizigo na madeni ya wavuvi, kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Nyumbani ilikubali bila shida. Nikaifungua mbele yake, makuli wawili, na binti yake aliyekuwa anahesabu magunia (huyo mkumbukeni). Nikaandika nenosiri. "Si sahihi." Nikarudia. "Si sahihi."

Mzee akaivuta kompyuta. "Nitajie niandike mwenyewe, mwanangu. Vidole vinakutetemeka."

"Inaanza M, baba."

Kidole kimoja, gamba la dagaa limeganda ukuchani, kikazunguka juu ya kibodi kama mwewe. M. K. W. E. Kikasimama. "Mkwe?"

"Bado inaendelea, baba."

M. T. A. Binti kaacha kuhesabu. R. A. Kuli mmoja kainama, anasoma kwa sauti, mshenzi yule: "Mkwemtarajiwa!" Mzee akabonyeza. "Si sahihi." Akanitazama kwa utulivu. "Hata mashine imekataa."

Wenzangu wa Java mshaanza kucheka. Ndiyo, nenosiri lililoandikwa na lile lililotunzwa nililinganisha kwa ==. Alama hiyo haisomi herufi, inauliza tu kama ni kitu kilekile. Neno ulilolichapa ndani ya programu, Java hulitunzia nakala moja kwenye bwawa lake, yaani sehemu ya kumbukumbu inakoyaweka maneno hayo. Nyumbani nilijaribu neno la humo kwa neno la humohumo, yote yakaelekea nakala ileile, ikaitika. Linalotoka kwenye kibodi huzaliwa kitu kipya kila mara, hata yafanane kama mapacha. Ilitakiwa equals, inayosoma herufi zenyewe. Nikabadilisha mstari mmoja, ikafunguka, mzee akalipa nusu, nikaondoka na bodaboda bila kupatana bei.

Halafu ile aibu haifutiki. Zile "mkwemtarajiwa" tulizoandika pale zimebaki bila mwenyewe, mzoa takataka wa Java, yaani sehemu yake inayosafisha kumbukumbu, atazifagia akijisikia. Ile ya bwawani haigusi, maana programu yenyewe imeishikilia muda wote inapokuwa kazini.

Nikampigia mzee nikabadilishe nenosiri. Hataki. Anasema ni jepesi kukumbuka, na asubuhi anayeliandika siku hizi ni binti.