Slay the Spire: damu iliyojaa haimwangushi bosi

Katika Slay the Spire, mchezo wa karata uliokamilika mwaka 2019, anayewaendea maadui wazito wa hatua ya kwanza kwa hiari yake huonekana mcheza kamari. Wanaomlaumu wana hoja. Ukifa unaanza upya, na Gremlin Nob, mmoja wa maadui hao, mwenye damu (pointi za uhai) isiyopungua 82, amezima safari nyingi: kila ukicheza karata ya Skill, ambazo ndizo nyingi za kujikinga, nguvu zake zinapanda. Kumvaa ukiwa na karata 10 za kuanzia tu ni kujitafutia balaa.

Lakini mtazame aliyewakwepa wote. Ironclad wake, yaani mhusika anayemchezesha, anafika kwa bosi, adui wa mwisho wa hatua, na damu 80 kamili. Halafu? Slime Boss ana 140, na zamu ya tatu anashusha pigo la 35. Strike, karata ya msingi ya kushambulia, inatoa 6 kwa nishati 1, na nishati ni 3 kwa zamu, kwa hiyo Strike tatu ni 18 tu. Tena bosi huyu akishuka hadi nusu hugawanyika, na kila kipande hurithi damu iliyobaki. Ukimdonoa mpaka 70 ukaishiwa nishati, unabaki na wawili wa 70 kila mmoja. Mwenye uwezo wa kumtoa 75 hadi 40 kwa zamu moja anakutana na wawili wa 40. Hiyo ni tofauti ya damu 60, na akiba ya damu yako haiipunguzi hata kidogo.

Uwezo huo hutoka kwa wale wale wanaokwepwa: kila mmoja huacha kifaa cha kudumu, na karata adimu hupatikana kwao zaidi kuliko kwa maadui wa kawaida.

Ni kweli, mwenye damu nyingi halazimiki kupumzika kwenye moto wa kambi ili arudishiwe asilimia 30 ya damu. Anaweza kuimarisha karata badala yake. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Ila bosi akianguka damu hurudi yote, au robo tatu ya iliyopotea kuanzia ngazi ya ugumu ya Ascension 5. Uliyoibana kwa woga haikununulii kitu tena.

Ramani yote iko wazi tangu mwanzo. Mimi huchagua njia yenye moto kabla ya adui mzito, na njia panda kabla yake: karata za kushambulia zisipopatikana, nachepuka.