Muruatetu: Sababu iliyovuka kifungu chake

Ibara ya 163(7) ya Katiba ya Kenya haina utata: uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama nyingine zote. Kazi ipo katika kujua ni kipi hasa ndani ya uamuzi huo kinachofunga.

Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, mahakama hiyo ilisema adhabu ya kifo kwa mauaji haiwezi kuwa ya lazima, maana jaji hubaki hana cha kupima hata baada ya kusikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu. Kilichoguswa ni kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama za chini zikashika sababu, zikakiacha kifungu. Sababu hiyo ikapelekwa kwenye wizi wa mabavu, halafu kwenye Sheria ya Makosa ya Ngono, ambako kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20.

Si kwamba hazikuwa na hoja. Sheria inayotokana na hukumu hukua hivyo hivyo, na kama kumfunga jaji mikono ni kosa kwenye mauaji, mwizi naye atauliza mbona yeye kasahauliwa.

Ila Mahakama ya Juu ilipotoa maelekezo Julai 6, 2021 kwamba Muruatetu ni ya kifungu cha 204 pekee, lawama za kuwa imerudi nyuma zilikuwa za haraka mno. Kifungu kisichobishaniwa hakijapata wa kukitetea. Tena adhabu ya lazima na kiwango cha chini si kitu kimoja: penye kifo cha lazima jaji hana pa kusogea, penye miaka 20 anaweza kupanda zaidi ya hapo. Ni sakafu, bado kuna chumba juu yake.

Na tazama kilichofuata. Mahakama ya Rufaa ilimpunguzia mtu aliyenajisi mtoto kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Julai 12, 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile 20: majaji wa rufaa hawakuwa wametaja waziwazi ni kifungu kipi wanachokibatilisha, na suala lenyewe halikuwa limepitia Mahakama Kuu. Miaka mitano hiyo ilipunguzwa, ikarudishwa, juu ya mtu yuleyule. Wa kosa kama lake aliyesikizwa na jopo lililoshika maelekezo ya 2021 aliambiwa 20 tangu mwanzo. Wanaosema utii wa mahakama za chini ni woga waeleze tofauti hiyo inamfaa nani.

Njia ya kupinga kiwango cha chini haijafungwa, ingawa ni ndefu na mfungwa asiye na wakili ataichoka mapema. Ombi huanzia Mahakama Kuu, likitaja kifungu kwa nambari, Mwanasheria Mkuu akiwa ndani ya kesi ili akitetee. Mfungwa akishinda hapo, jaji mwingine wa Mahakama Kuu bado halazimiki kumfuata mwenzake. Anayemlazimu ni Mahakama ya Rufaa.