Kihispania kwa mkupuo: mihula miwili ndani ya mmoja

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka New Jersey, alikohamia na wazazi wake. Amepata nafasi chuoni, na chuo kinamtaka asome lugha ya kigeni. Amechagua Kihispania. Ameambiwa njia ni mbili: kozi ya kawaida ya wanaoanza, siku tatu kwa wiki kwa mihula miwili, au kozi ya mkupuo, ambamo mihula hiyo miwili imeshindiliwa ndani ya mmoja na darasa ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. "Mjomba, wewe ulisoma ile ya kila siku. Nichukue ipi?"

Nilimwomba siku mbili nifikiri, maana kozi ile ilinipa mengi na ikanipokonya mengi.

Lugha hutaka kuzoewa. Anayekutana nayo Jumatatu, akaiacha, akairudia Jumatano, kila mara huanza kwa kuikumbuka. Sisi tuliokutana nayo kila asubuhi tulikosa hata nafasi ya kuona haya. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naomba kalamu, nauliza njia na kulalamikia baridi bila kutunga sentensi kichwani kwanza. Chuo cha Middlebury kule Vermont kimefundisha lugha kwa namna hii kila kiangazi tangu 1915, na wanafunzi wake hutia saini ahadi ya kusema lugha wanayojifunza tu. Mtindo uliodumu zaidi ya karne moja haukudumu kwa bahati.

Lakini tupige hesabu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake, hukadiria kuwa Kihispania chataka takriban wiki 30, yaani saa zipatazo 700 za darasani, mtu aweze kukifanyia kazi. (Kiswahili wamekipa wiki 36.) Kozi ya mkupuo ya saa moja na robo kwa siku, wiki 15, haifiki saa 100. Mwenye kuichukua akidhani atatoka anajua Kihispania atavunjika moyo. Anachopata ni mlango uliofunguliwa, na si haba.

Hapa kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo ninalotaka mpwa wangu alijue kabla ya siku ya kwanza. Mwalimu wetu alieleza kila kitu kwa Kiingereza, kwa kuwa darasa zima lilifikiri kwa Kiingereza. Nami nikamfuata huko, nikahangaika wiki nzima na mambo ambayo lugha ya mama yangu ilikuwa imeshanifundisha. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho neno linapoishia kwa irabu. Herufi ñ ni ny yetu ya nyumba.

Sarufi nayo inafanana. Wenzangu waliumia kichwa kwa nini kuna vitenzi viwili vya "kuwa". Es listo ni "ni mwerevu". Está listo ni "yuko tayari". Sisi tunazo "ni" na "yuko", na hakuna mtoto wa Mswahili anayezichanganya. Kisha tukafika kwenye hali ya kutaka na kuomba, ambayo vitabu huifanya itishe kwa jina refu. Habla, anasema, quiero que hable, nataka aseme. Irabu ya mwisho inatoka a inakuwa e, kwao na kwetu! Si kila kitenzi chao kinafuata njia hiyo, lakini siku niliyoliona hilo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu maktabani.

Maneno pia yapo. Mesa na bandera zao zina ndugu huku, meza na bendera, tulizoachiwa na Wareno. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa 1593, wakati Ureno yenyewe ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Azúcar na sukari zimepitia Uarabuni. Hasta ni ile "hata" yetu ya zamani, ya "tangu asubuhi hata jioni".

Sasa hasara. Niliugua mafua siku tatu. Katika kozi ya kawaida ningekosa somo moja au mawili. Mimi nilirudi nikakuta darasa limeshapita kwenye vitenzi vya wakati uliopita vinavyokwenda kombo, na neno moja, fui, likiwa na maana ya "nilikwenda" na pia "nilikuwa". Sikuliziba tena pengo lile hadi mtihani. Tena kozi hii hubeba krediti za kozi mbili, hivyo alama mbaya hushusha wastani mara mbili.

Kubwa zaidi ni kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kozi ya kila siku inamtii kwa wiki 15, kisha inakuacha ghafla. Muhula uliofuata ratiba yangu haikuwa na nafasi ya Kihispania. Baada ya miezi minane jirani yangu, bibi mmoja wa Ekuado, aliniuliza kitu kwa Kihispania nikabaki namtazama. Aliyekwenda polepole kwa mwaka mzima angemjibu.

Kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu aichukue ile ya mkupuo, lakini kwanza ahakikishe kozi ya ngazi inayofuata inafundishwa muhula unaofuata, na saa zake hazigongani na masomo mengine. Aulize pia kama darasa limejaa waliokwisha kusoma Kihispania sekondari, maana mwendo huwa wao.

Kikwazo chake ni zamu. Usiku anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, anatoka saa moja asubuhi, na darasa linaanza saa mbili. Saa hiyo moja ndiyo ya basi na chai, na usingizi hauna mahali. Asipopata zamu ya jioni, ni heri ile ya siku tatu, nami sitamlaumu. Amesema atamwona msimamizi wake Jumatatu. Wenzake wengi kazini ni watu wa Jamhuri ya Dominika na Kolombia, huenda mmoja akabadilishana naye. Mimi nimeshanunua daftari la kumtumia. Nimelipiga mistari safu mbili, Kihispania kushoto, Kiswahili kulia, na ukurasa wa kwanza tayari una mesa, bandera na hasta.